Maafa, janga, balaa au msiba: neno lipi kwa tukio lipi

Kamusi nyingi zinaeleza maafa kwa kutaja balaa, zinaeleza balaa kwa kutaja janga, halafu kwenye janga zinakurudisha kwenye maafa. Mzunguko huo haumsaidii mtendaji wa kata anayeandaa taarifa ya mafuriko, wala mhariri anayetafuta kichwa cha habari usiku, wala mfasiri aliyekwama kwenye sentensi moja ya ripoti. Maneno haya hayabadilishani nafasi. Kila moja linabeba dai lake: hasara ni kubwa kiasi gani, imetoka wapi, na nani anapaswa kuinuka na kufanya kitu.

Kabla ya kuchagua, jiulize mambo matatu. Jambo lenyewe limeshatokea, linaendelea, au linatishia tu? Kuna aliyekufa? Na je, unajua chanzo, au unakisia? Majibu ya maswali hayo yanaondoa nusu ya maneno mezani kabla hujaanza kuandika.

Maafa na janga

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na hapa ndipo kosa lina gharama kubwa kuliko pengine popote.

Maafa ni matokeo. Ukisema maafa unataja hasara iliyokwisha kuonekana: watu wamepoteza maisha, nyumba zimebomoka, mashamba yamesombwa, shule zimefungwa, maji ya kunywa hayapo. Kipimo cha watu wanaoshughulika na kazi hii ni kwamba hasara imezidi uwezo wa jamii iliyopatwa kujinasua kwa nguvu zake yenyewe. Tetemeko likipita chini ya pori lisilo na makazi, hilo ni tetemeko tu. Lile la tarehe 10 Septemba 2016 mkoani Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, liliacha maafa kwa sababu lilikutana na nyumba za matofali na mawe zilizojengwa bila kufungwa kwa nondo wala zege, na watu wakiwa ndani yake.

Janga, katika lugha ya kitaalamu ya Tanzania, linasimama kabla ya maafa. Ni tukio au hali yenye nguvu ya kudhuru: moto, ukame, mafuriko, ugonjwa. Janga likikutana na watu wasio na kinga, linazaa maafa. Likikutana na watu waliojiandaa, linapita na hasara ndogo. Ndiyo maana Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hutoa elimu ya kujikinga na majanga ya moto, ilhali idara iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu inaitwa Idara ya Menejimenti ya Maafa, na Zanzibar kuna Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Sheria inayotumika Tanzania Bara nayo ni Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015. Ukiandikia ofisi hizi, au ukiomba msaada kupitia kamati ya maafa ya kijiji, kata au wilaya, fuata mgawanyo huo. Barua inayosema "tunaomba msaada wa janga" inamwacha msomaji akijiuliza kama unaomba kinga ya jambo linalokuja au chakula cha watu waliokwisha kupoteza kila kitu.

Ukivuka Namanga, mpaka huo kati ya maneno mawili unafifia. Kenya, janga ndilo neno la tangazo la Rais. Februari 2017, na tena Septemba 2021, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na hakuna mhariri wa Nairobi ambaye angeandika "maafa ya kitaifa" mahali hapo. Tanzania nayo imewahi kulitumia neno hivyo hivyo. Mwaka 1999 marais wawili walitamka jambo moja kwa mwezi mmoja na ushei kati yao: Daniel arap Moi mwezi Novemba, na Benjamin Mkapa siku ya mwisho ya Desemba, walitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Tangu hapo masikio ya watu yamelizoea janga kama neno la ugonjwa unaoenea. Shirika la Afya Duniani lilipotoa tamko lake kuhusu Korona tarehe 11 Machi 2020, vyombo vya habari vya Kiswahili viliandika "janga la Korona" karibu bila kusita, na baadaye Tanzania "janga la UVIKO-19".

Kwa hiyo janga lina kazi tatu: tishio, tangazo la kitaifa, na ugonjwa ulioenea. Maafa yana moja tu. Njia rahisi ya kuyapima ni kuangalia vitenzi vinavyokubali kukaa navyo. Janga huzuka, huenea, hudhibitiwa, humalizika, lina muda. Maafa hutokea, hukumba, hutathminiwa. Yana hesabu ya vifo, kaya, ekari na madaraja. Sentensi "serikali inadhibiti maafa" inayumba kwa sababu kilichokwisha kutokea hakidhibitiwi tena, kinakabiliwa. Sentensi "kamati imetathmini janga" nayo inayumba, isipokuwa kama kinachotathminiwa ni uwezekano wa hatari.

Sarufi yake nayo inawaangusha wengi, hata watangazaji. Maafa yako katika ngeli ya YA: maafa haya, maafa yaliyotokea, maafa makubwa. "Maafa hiyo imetokea" ni kosa, na "maafa hilo" ni kosa baya zaidi kwa sababu linaonyesha kwamba mwandishi alikuwa na janga kichwani akabadilisha neno bila kubadilisha upatanisho. Umoja wake, afa, umo kwenye kamusi, lakini ukiuandika kwenye habari msomaji atadhani ni kosa la chapa. Janga halina tatizo hilo: janga hili, majanga haya. Angalizo moja tu: kwa vijana wa mjini "majanga!" limekuwa neno la kushangaa shida yoyote, hata ya simu kuisha chaji. Katika maandishi mazito usiliache wingi huo peke yake. Liunganishe na kitu, kama majanga ya moto au majanga ya asili.

Na kabla ya tukio, usitumie lolote kati ya haya mawili kama habari. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina ngazi zake za kuonya, angalizo likiwa chini ya tahadhari. Mwandishi anayepokea angalizo la mvua kubwa akaandika "maafa yanakuja" amevunja ngazi hiyo, na safari ijayo tahadhari ya kweli ikitoka watu watakuwa wamekwisha kuchoka kutishwa.

Msiba, mkasa na tanzia

Msiba ni neno la watu waliofiwa. Kwa asili ya Kiarabu lilitaja pigo lolote, na methali yetu "msiba wa kujitakia hauna kilio" bado ina harufu ya maana hiyo pana. Lakini leo ukimwambia mtu "kuna msiba Tabata", atauliza nani amefariki na mazishi ni lini. Hivyo usiandike "msiba wa mafuriko" kama mafuriko hayakuua mtu. Ndugu walioko Muscat au Minneapolis wanaosoma kichwa hicho kwenye simu wataanza kupiga simu nyumbani kwa hofu, na hofu hiyo umewapa wewe.

Msiba una faida ambayo maneno mengine hayana: unatambua kilio. Baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, na maombolezo ya siku nne kutangazwa, "msiba wa taifa" lilikuwa neno sahihi katika salamu za rambirambi, sahihi kuliko maafa na sahihi kuliko ajali. Taarifa ya uchunguzi wa tukio kama hilo haina nafasi ya neno msiba. Neno moja ni la waliofiwa, jingine ni la wanaotafuta chanzo, na kuyachanganya kunaumiza pande zote mbili.

Katika rambirambi zenyewe, "poleni kwa msiba" ni kwa waliofiwa. Waliopoteza nyumba na mazao bila kufiwa huambiwa "poleni kwa maafa yaliyowakuta", au kwa kutaja jambo lenyewe: poleni kwa moto, poleni kwa mafuriko. Pwani na visiwani, hasa miongoni mwa Waislamu, utasikia pia "mtihani": huu ni mtihani kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Ni neno la faraja zuri sana kutoka kwa jirani au imamu. Likitoka kwa kiongozi mwenye dhamana ya usalama wa chombo au jengo, linaweza kusikika kama kukwepa swali.

Mkasa ndio unaowagawa wasomaji wa nchi mbili. Kenya, mkasa ni tukio la kutisha lililoua au kujeruhi: mkasa wa moto, mkasa wa barabarani. Moto wa bomba la mafuta katika mtaa wa Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, huitwa mkasa wa Sinai bila mtu kuona ajabu. Tanzania, mkasa unaelekea kwenye kisa: jambo la ajabu lililompata mtu, lenye mwanzo na mwisho, linaloweza hata kusimuliwa kibarazani. Ndiyo maana ya "visa na mikasa". Mtanzania akisoma "mkasa wa watu 40" anaweza kutegemea hadithi badala ya habari ya vifo. Kwa wasomaji wa pande zote mbili, ni salama zaidi kutaja tukio lenyewe, moto au kuzama au kuporomoka, na kuuacha mkasa kwa wasomaji wa Kenya.

Tanzia ina matumizi mawili yasiyokutana. Katika matangazo ni taarifa ya kifo. Katika fasihi ni tamthilia inayoishia kwenye huzuni. Wafasiri wengi hukosea wanapoiweka kwenye habari za mabasi na meli kwa sababu tu wameiona kwenye kitabu cha fasihi. "Tanzia ya meli" haieleweki.

Ajali, neno linalosamehe mapema

Ajali ni tukio la ghafla lisilokusudiwa. Ni neno sahihi na la lazima kwa gari kuacha njia, mashine kumkata mtu, chombo kupinduka. Shida yake ni kwamba limebeba historia. Kwa Kiarabu, na katika mashairi ya zamani ya Kiswahili, ajali ni muda wa kufa uliopangwa na Mungu, na methali "ajali haina kinga" imetoka kwenye bonde hilo hilo. Msomaji akisikia ajali, sehemu ya moyo wake imeshakubali kwamba hakuna wa kuulizwa.

MV Nyerere kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Walikufa zaidi ya 220. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha kwamba kinga ilikuwepo, nayo ni kuhesabu watu kabla ya kung'oa nanga. Kwa hiyo, andika "kupinduka kwa kivuko" au "kuzama kwa meli" katika sentensi ya kwanza, kisha sababu iliyothibitishwa katika ya pili, na uliache neno ajali kwa matumizi ya kawaida yanayofuata. Na kumbuka kwamba MV Nyerere kilikuwa kivuko, ilhali MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa meli. Watu wa ziwani hawachanganyi vitu hivyo, na mwandishi asivichanganye.

Ajali pia huficha tukio la pili. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Hiyo ndiyo ajali. Waliokufa, zaidi ya 100, wengi wao waliuawa na moto uliolipuka wakati watu wakichota mafuta yaliyomwagika. Kichwa kinachosema "ajali ya lori yaua mia moja" kinampa msomaji picha isiyo sahihi na kinamnyima onyo lenyewe: usikaribie lori la mafuta lililoanguka. "Moto wa lori la mafuta" lingeweza kuokoa mtu safari nyingine.

Balaa na baa

Balaa ni neno la mdomoni. Linabeba hofu, hasira, na wakati mwingine imani kwamba jambo limeshushwa. Linafaa sana katika kunukuu watu: mkulima akisema "balaa limetuangukia", acha maneno yake yalivyo, usimsahihishe kuwa "maafa yametukumba". Lakini katika sauti yako mwenyewe kama mwandishi, balaa halipimi kitu. Halisemi wangapi wala wapi. Zaidi ya hapo, vijana wameligeuza kuwa sifa, na "huyu mshambuliaji ni balaa" ni pongezi. Neno linalosifia mpira Jumamosi haliwezi kubeba vifo Jumapili bila kupungukiwa uzito. Upatanisho wake unatofautiana: bara wengi husema balaa hili, pwani utasikia pia balaa hii. Chagua moja na ubaki nayo hadi mwisho wa maandishi.

Baa ni jambo jingine, na tunasikitika kuona linaachwa. Linataja pigo linaloenea juu ya nchi nzima na kudumu kwa msimu au zaidi: baa la njaa, baa la nzige, baa la ukame. Nzige wa jangwani walipoingia Kenya mwishoni mwa 2019 na kuendelea 2020, wimbi kubwa kuliko yote nchini humo kwa miaka 70, "baa la nzige" lilibeba kwa neno moja upana wa eneo, muda wa pigo na njaa iliyokuwa inanyemelea. Janga lingefaa, ila baa lilifaa zaidi. Hofu ya waandishi ni neno linalofanana nalo, baa ya pombe. Ngeli ndiyo inayotenganisha: baa la njaa, baa ya mtaani. Ukikosea kiunganishi hicho kimoja, umeharibu kichwa cha habari chote.

Nakama, yaani balaa kubwa, ni la mashairi na insha. Katika taarifa litawapoteza wasomaji wengi. Mkosi, nuksi na kisirani humwandama mtu mmoja, hayaelezi hasara ya umma. Zahama, sokomoko na kizaazaa ni vurugu. Kiama ni Siku ya Mwisho, na mwenye imani hapendi kuliona likitumiwa kwa foleni ya mafuta.

Taja tukio kwa jina lake

Mara nyingi neno bora si lolote kati ya hayo yote. Ni jina la kilichotokea, na hapo nako kuna pa kuteleza.

Mafuriko ni maji kujaa na kufunika nchi kavu. Nayo hayana umoja katika matumizi. Gharika ni maji yanayofuta kila kitu, neno la habari za Nuhu, na liachwe kwa ukubwa huo. Maporomoko yanahitaji maelezo kila mara, kwa kuwa maporomoko ya maji ni kivutio cha watalii na maporomoko ya ardhi ni kifo. Kupasuka kwa bwawa ni dai kuhusu kitu kilichojengwa na mtu, lenye mwenye bwawa nyuma yake, kwa hiyo lisiandikwe kwa kukisia. Kule Solai, kaunti ya Nakuru, tarehe 9 Mei 2018, bwawa lilipasuka kweli. Mai Mahiu, kaunti hiyo hiyo, tarehe 29 Aprili 2024, habari za mwanzo zilisema bwawa limepasuka. Baadaye wizara inayohusika na maji ilieleza kwamba maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuzibwa na takataka, kisha yakafumuka. Waathirika walikuwa wale wale, lakini swali la nani awajibike lilibadilika kabisa.

Kwa upepo, kimbunga siku hizi ni neno lenye kipimo. Katika kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, mfumo hupewa jina ukifikia dhoruba yenye upepo wa kilomita 63 kwa saa, na hadhi ya kimbunga kamili huanza kwenye kilomita 118 hivi. Vyombo vya habari huita yote kimbunga: Jobo cha Aprili 2021, kilichodhoofika kabla ya kufika nchi kavu, na Hidaya cha Mei 2024, kilichofika pwani ya Tanzania karibu na Mafia. Si kosa kubwa, mradi nguvu yake wakati wa kufika itajwe. Wanaodhani vimbunga ni jambo jipya kwetu wakumbuke Unguja ya tarehe 15 Aprili 1872, iliyopoteza sehemu kubwa ya mikarafuu yake huku Pemba ikisalimika, na Lindi ya Aprili 1952. Tufani ni neno la mabaharia na la vitabu vya dini. Linapendeza katika simulizi, halifai kwenye onyo la hali ya hewa.

Kwa ardhi, tetemeko linatosha. Zilizala litaeleweka kwa aliyekulia karibu na Kurani na ushairi, wengine litawapita. Sema "ukubwa wa 5.9", usiseme "asilimia 5.9", kosa linalosikika redioni mara nyingi kuliko inavyostahili. Na kitovu ni sehemu ya uso wa ardhi iliyo moja kwa moja juu ya mahali tetemeko lilipoanzia, si mahali palipoharibika zaidi.

Mlipuko unahitaji jicho kali. Tanzania, "mlipuko" ni wa ugonjwa na wa bomu vilevile. Milipuko ya Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, ilikuwa ya mabomu ya ghala za jeshi. Mlipuko wa Kagera, Machi 2023, ulikuwa wa virusi vya Marburg. Kichwa kisemacho "Mlipuko Kagera" kinaacha pengo, na katika pengo hilo watu wanaweza kukimbilia njia isiyo sahihi: mlipuko wa bomu unahitaji uondoke eneo hilo, wa ugonjwa unahitaji ubaki ulipo. Kenya wana "mkurupuko" kwa magonjwa, na tungependa neno hilo lisambae zaidi. Tauni, kwa maana yake halisi, ni ugonjwa mmoja tu, ule wa viroboto na panya uliosumbua Lushoto kuanzia 1980. Biblia imelipanua kuwa pigo lolote la maradhi, lakini katika habari za afya usiite kipindupindu tauni.

Maangamizi, mauaji ya kimbari, na Maafa ya Marekani

Maangamizi ni kufutwa. Mwenye kuangamiza yupo, na nia ipo, au nguvu ni kubwa kiasi cha kutobakisha kitu. Ndiyo maana tunasema Maangamizi ya Wayahudi na silaha za maangamizi, lakini "maangamizi ya mvua" ni kutia chumvi.

Mauaji ya kimbari ni neno la sheria, lililoundwa kutokana na mbari, yaani ukoo au jamii ya watu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tarehe 9 Desemba 1948 unadai kuwepo kwa nia ya kuangamiza, lote au kwa sehemu, kundi la taifa, kabila, rangi au dini. Idadi kubwa ya waliouawa peke yake haitoshi; hiyo ni mauaji ya halaiki. Mahakama iliyokaa Arusha hadi mwisho wa 2015 kusikiliza kesi za Rwanda ilitumia miaka kuithibitisha nia hiyo, na Rwanda yenyewe inataka jina kamili: mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kuyaita "maafa ya Rwanda" au "vurugu za Rwanda" ni kuwaondoa wauaji kwenye sentensi. Katika suala hili hatuoni nafasi ya hiari.

Neno maafa lenyewe limesafiri. Marekani, mwanazuoni Marimba Ani alilichukua kutoka Kiswahili kuita utumwa wa kuvuka Atlantiki na madhara yake ya karne nyingi kwa Waafrika, na leo Wamarekani Weusi wengi hulitumia hivyo, kwa herufi kubwa na kama jina la umoja. Mfasiri anayelirudisha nyumbani atambue kwamba msomaji wa Tanga akiona "Maafa" peke yake atafikiria mafuriko. Andika "Maafa ya Utumwa" mara ya kwanza, eleza kwa sentensi moja, na urejeshe upatanisho wetu: Maafa yaliyowapata, si Maafa iliyowapata.

Tukio moja, maneno yanayobadilika

Chukua Hanang, mkoani Manyara. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, habari za kwanza zilisema mafuriko. Kwa saa zile ilieleweka: maji yalionekana, chanzo hakikujulikana. Ilipobainika kwamba tope, mawe na magogo vimeshuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji jirani, jina likapaswa kubadilika kuwa maporomoko ya tope. Wataalamu walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji na kumeguka. Aliyeendelea kuandika mafuriko wiki ya pili alikuwa anawaambia watu wahofie mto, ilhali hatari ilikuwa mlimani.

Maafa yaliingia pale idadi ya waliofariki ilipopanda, hatimaye kupita 80, kaya zikawa kambini, na msaada ukahitajika kutoka nje ya wilaya. Tangu hapo "maafa ya Hanang" ndilo jina linalobaki, hata katika habari za ujenzi wa nyumba mpya. Msiba ulibaki kwa familia na kwa salamu za rambirambi. Janga lilirudi baadaye, kwenye mijadala ya namna ya kupunguza hatari kwa wanaoishi chini ya mlima. Ajali halikuwa na kazi pale, na balaa lilikaa ndani ya alama za kunukuu, midomoni mwa walioona.

Watu wenyewe nao wana majina ya kuchagua. Majeruhi ni aliyeumia mwili. Manusura ni aliyeponea chupuchupu, hata kama hana jeraha. Mwathirika, ambaye Kenya huandikwa mwathiriwa, ni yeyote aliyepata hasara, awe amefiwa, amebomolewa nyumba au amepoteza ng'ombe. Mhanga lina damu ya kafara ndani yake na siku hizi linakaa karibu mno na "kujitoa mhanga". Kwa aliyesombwa na tope akiwa amelala, marehemu linatosha. Orodha ya msaada iandikwe kwa waathirika, siyo kwa manusura, vinginevyo mjane ambaye hakuwepo nyumbani siku ile anaachwa nje ya orodha.